Mashine inapoingia kazini: tudai mafunzo, saa chache, kipato kwa wote au hisa?

Tuseme mko wafanyakazi mia mbili. Mwajiri ametangaza kwamba baada ya miezi kumi programu mpya itaanza kufanya kazi za watu sitini kati yenu, na amekubali kukaa na wawakilishi wenu mara moja. Mtakwenda na dai gani?

Nimekaa kwenye mabishano ya namna hii zaidi ya mara moja, na madai yanayorudi ni yale yale manne. Mmoja atasema tufundishwe kazi nyingine. Mwingine atasema serikali itulipe wote kipato cha msingi, mashine zifanye zitakavyo. Wa tatu anataka saa zipunguzwe na mshahara ubaki palepale. Wa nne, ambaye huchekwa mwanzoni na kusikilizwa mwishoni, anataka hisa: kama mashine ndiyo inayozalisha, na sisi tuwe na sehemu ya mashine. Yote manne yamekwisha kujaribiwa mahali fulani duniani, kwa hiyo tunaweza kuyaweka sambamba bila kurushiana maneno.

Mimi huyapima kwa maswali matatu. Nani anatoa fedha? Zinafika lini, kabla kibarua hakijaota nyasi au baada yake? Na nani anaweza kuzifuta kesho asubuhi bila kumuuliza mtu?

Wapo wanaosema hakuna haja ya kudai lolote, soko litajirekebisha. Uingereza lilijirekebisha, kweli, ila tazama muda. Kwa hesabu za mwanahistoria wa uchumi Robert Allen, kati ya 1780 na 1840 pato la kila mfanyakazi nchini humo lilipanda kwa asilimia 46, na mshahara halisi kwa asilimia 12 tu. Hiyo ni miaka sitini. Mtu alizaliwa, akafuma, akazeeka na kuzikwa kabla neema haijamfikia. Waliovunja mashine za kufuma kuanzia 1811 walikuwa mafundi hodari walioona ujira wao ukiporomoka, na jibu la Bunge mwaka 1812 lilikuwa kufanya uvunjaji wa mashine hizo kosa la kunyongwa.

Mafunzo

Ukiomba mafunzo, mwajiri atakubali kabla hujamaliza sentensi. Urahisi huo ndio unaonitia shaka. Kwake ni dai la bei nafuu kuliko yote, tena linahamisha mzigo: kuanzia hapo, mwenye tatizo ni wewe usiye na ujuzi.

Niliwahi kupelekwa kwenye mafunzo hayo baada ya idara yetu kupunguzwa. Wiki sita, kompyuta moja kwa watu wawili. Mwenzangu wa kompyuta alikuwa mzee wa miaka hamsini na sita aliyetunza vitabu vya hesabu tangu ujana wake, na alishika haraka kuliko mimi kwa sababu hesabu zote alikuwa nazo kichwani. Siku ya kupewa vyeti alikigeuza chake, akatazama upande wa nyuma kama anayetafuta maandishi mengine, akaniuliza, "Mwanangu, hiki sasa nampelekea nani?" Sikuwa na jibu. Mkufunzi naye hakuwa nalo.

Mafunzo hufaa pale sekta yenyewe inapopanuka. Wanaoyatetea hupenda mfano wa mashine za ATM nchini Marekani, uliochambuliwa na mchumi James Bessen: makarani wa dirishani katika tawi la kawaida la mjini walipungua kutoka 20 mwaka 1988 hadi 13 mwaka 2004, lakini kwa kuwa tawi lilikuwa rahisi zaidi kuliendesha, benki zilifungua matawi mengi, yakaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Karani akageuka mtu wa kushauri wateja na kuuza mikopo. Ni kweli tupu, ila hadithi imekatwa mahali pazuri. Baadaye simu ya mkononi ilianza kufunga matawi yenyewe.

Kama ni lazima mchague mafunzo, chagueni ya mtindo wa Sweden. Huko, tangu miaka ya 1970, kuna mabaraza ya usalama wa ajira yaliyoundwa kwa mkataba kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Waajiri huchangia asilimia ndogo ya jumla ya mishahara wakati mambo ni shwari, na mtu akipewa notisi anamkuta mshauri anamsubiri, mwenye kujua nani anaajiri. Linganisha na Singapore, ambako kuanzia 2016 serikali ilimpa kila raia wa miaka 25 na zaidi dola 500 za nchi hiyo za kulipia kozi aipendayo. Ya Singapore inakupa fedha na orodha ya kozi. Ya Sweden inakupa mtu wa kumpelekea cheti.

Kipato cha msingi kwa wote

Hapa ndipo penye kelele nyingi, na nyingi zinahusu jambo ambalo limekwisha kujibiwa: eti watu watabweteka. Finland ilijaribu mwaka 2017 na 2018 kwa watu 2,000 wasio na ajira, euro 560 kila mwezi bila masharti. Siku zao za kazi hazikupungua, zilipanda kidogo, na wakaeleza kuwa na utulivu zaidi wa moyo kuliko wenzao. Katika mji wa Stockton, California, watu 125 walipewa dola 500 kwa mwezi kwa miaka miwili kuanzia 2019. Waliokuwa na ajira ya muda wote walitoka asilimia 28 hadi 40 katika mwaka wa kwanza. Nchini Kenya, ambako baadhi ya vijiji viliahidiwa malipo ya miaka 12, watafiti hawakukuta watu wakiacha kazi. Walikuta wengi wakitoka kwenye vibarua vya watu na kuanzisha shughuli zao. Jaribio mojawapo lililoonyesha kupungua kwa kazi ni la Texas na Illinois nchini Marekani, ambako watu 1,000 walilipwa dola 1,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu, na matokeo ya 2024 yakaonyesha wamefanya kazi pungufu kwa saa 1.3 kwa wiki. Ukikosa mabasi mawili umekwisha kuzipoteza hizo.

Kwa hiyo hoja ya uvivu tuiweke pembeni. Kinachonisumbua ni swali langu la tatu. Jimbo la Alaska nchini Marekani lina mfuko wa mapato ya mafuta ulioanzishwa 1976, na tangu 1982 kila mkazi hupata gawio la mwaka, tajiri kwa maskini. Hakuna mpango wa aina hii uliodumu na kupendwa kama huo. Hata hivyo, mwaka 2016 mapato ya mafuta yalipoyumba, gavana alitumia kura yake ya turufu na gawio likakatwa karibu nusu, watu wakapokea dola 1,022. Wangefanya nini? Mfanyakazi anaweza kugoma kwa kuacha kazi. Anayepokea gawio atagoma kwa kuacha nini?

Na kuna la pili. Kipato kwa wote huwaacha wenye mashine kama walivyo. Kinaweza kumtoa mtu kwenye ufukara, lakini umbali kati yake na mwenye mashine unaweza kuendelea kukua mwezi hadi mwezi huku cheki ikifika kwa wakati. Wapo matajiri wa teknolojia wanaolipigia debe dai hili, na sishangai. Kulipa ili usiulizwe ni biashara nzuri.

Lakini nisilidharau. Katika madai yote manne, hili peke yake linamfikia mtu asiye na mwajiri: anayeuguza mzazi nyumbani, kibarua wa siku moja moja, dereva wa programu ya simu. Na mwenye akiba ya chakula cha wiki mbili huijadili kazi mbaya kwa sauti tofauti kabisa na asiye na kitu.

Saa chache

Mwaka 1930 mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alikisia kwamba baada ya miaka mia moja watu wangefanya kazi saa 15 kwa wiki. Utajiri ulikua karibu kama alivyokisia. Saa hazikushuka kiasi hicho, kwa sababu saa hazishuki zenyewe. Saa nane kwa siku, zilizoingia kwenye mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919, zilikuwa zimetanguliwa na migomo ya vizazi viwili.

Turudi kwa wale mia mbili. Wakifanya saa 40 kila mmoja, ni saa 8,000 kwa wiki. Programu ikiondoa kazi ya watu sitini, zinabaki saa 5,600. Zigawe kwa watu wote mia mbili: saa 28 kila mmoja, na hakuna aliyeondoka. Hesabu hii hupendeza kwenye ubao, na ndiyo maana mwajiri ataikataa mara moja. Yeye alinunua programu kwa hesabu ya mishahara sitini. Mnachobishania ni mishahara hiyo sitini, iende kwake yote au igawanywe. Mafunzo hayagusi kabisa fedha hizo, na kipato cha msingi kinazifuata kwa mzunguko mrefu kupitia kodi. Saa zinazidai mlangoni.

Haipatikani kirahisi. Wafanyakazi wa vyuma wa Ujerumani waligoma karibu wiki saba mwaka 1984 wakitaka saa 35. Walirudi kazini na 38.5, na 35 kamili zikafika 1995. Mwaka 2018 chama hichohicho, IG Metall, kilipata haki ya mfanyakazi kushuka hadi saa 28 kwa muda usiozidi miaka miwili, ila na mshahara nao unashuka. Majaribio mapya yanatia moyo: Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zilijaribu wiki ya siku nne kwa mshahara uleule, na 56 ziliendelea baada ya miezi sita. Kumbuka tu kwamba hizo zilijitolea zenyewe. Mwajiri wenu hajajitolea.

Wafanyakazi wenyewe pia huyumba. Kiwanda cha Kellogg kule Battle Creek, Michigan, kiligeuza zamu tatu za saa nane kuwa nne za saa sita mwaka 1930, ili watu zaidi wapate kazi wakati wa mdororo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, idara moja baada ya nyingine ilirudi saa nane, na wengi walitaka hivyo wenyewe, kwa ajili ya fedha. Idara za mwisho zilirudi mwaka 1985. Siwalaumu. Mwenye madeni hapimi muda kama asiye nayo.

Angalieni pia kasi. Kazi ya saa arobaini ikibanwa ndani ya thelathini na mbili bila mtu kuongezwa, mmeuza mgongo mkadhani mmenunua mapumziko.

Hisa

Hili ndilo linalogusa mzizi wa tofauti ya kipato, maana pato la mashine humfuata mwenye mashine. Ndilo pia linalowaumiza watu vibaya likifanywa kwa pupa.

Mwaka 1994 wafanyakazi wa shirika la ndege la United walikubali kukatwa mishahara wakapewa asilimia 55 ya hisa. Desemba 2002 shirika likaomba kinga ya kufilisika, na hisa zile zikawa karatasi. Walikuwa wameweka ajira na akiba kwenye kapu moja. Mondragon, ushirika wa Wabaski ulioanza 1956 nchini Uhispania, umedumu kwa sababu mayai yako kwenye makapu mengi: kampuni yake kubwa ya vyombo vya nyumbani, Fagor, ilipoanguka mwaka 2013, wanachama wengi walihamishiwa kwenye kampuni nyingine za ushirika huohuo. Huko mwenye kura ndiye mfanyakazi, na meneja hulipwa mara chache tu ya kima cha chini.

Wazo kubwa zaidi lilitoka kwa Rudolf Meidner, mchumi wa vyama vya wafanyakazi vya Sweden. Mwaka 1976 mkutano mkuu wa vyama hivyo uliukubali mpango wake: kila mwaka sehemu ya faida ya kampuni kubwa igeuzwe hisa mpya, ziingie kwenye mifuko ya wafanyakazi wote kwa pamoja. Waajiri waliandamana barabarani Stockholm mwaka 1983. Sheria ilipita mwaka huohuo ikiwa imekatwa makali, na serikali iliyofuata ikaivunja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukitaka kujua ni dai gani wenye mali wanaliogopa kweli, tazama lile lililowafanya waandamane.

Kwa hiyo, hisa ndiyo, lakini za mfuko wa pamoja kuliko hisa za kampuni yenu peke yake. Na msikubali kamwe zibadilishwe na mshahara.

Meza yenyewe

Nimeliacha mwisho jambo ambalo naliona zito kuliko madai yote manne. Kabla ya makontena, makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani walipakia meli kwa mkono: kulabu ya chuma kiganjani, gunia baada ya gunia, na kanuni ya chama iliyosema mzigo mmoja wa winchi usizidi pauni 2,100. Mwaka 1956 meli ya Ideal-X ilisafiri kutoka Newark hadi Houston na makontena 58, na gharama ya kupakia tani moja, iliyokuwa karibu dola sita, ikaonekana inaweza kushuka hadi karibu senti 16.

Chama chao, kikiongozwa na Harry Bridges, kilikuwa na njia mbili: kuizuia mashine gati hadi gati, au kuiuza ruhusa. Kikauza. Mkataba wa 1960 uliwapa waajiri uhuru wa kuingiza mashine na kufuta zile kanuni za zamani. Waajiri nao wakaweka karibu dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu: kuli aliyesajiliwa asifukuzwe kwa sababu ya mashine, awe na uhakika wa malipo, na aliyezeeka astaafu mapema na kitita mkononi.

Sio hadithi ya ushindi mtupu. Vijana ambao hawakuwa wamesajiliwa kikamilifu hawakupata kitu, na idadi ya kazi bandarini ilishuka. Mwaka 1971 uchungu huo ulizaa mgomo wa siku 134. Lakini angalia tarehe: walikaa mezani mwaka 1960, wakati makontena yalikuwa bado mgeni pwani ile, na waajiri walikuwa na kitu cha kununua. Waandishi wa filamu wa Hollywood walifanya vivyo hivyo mwaka 2023: waligoma siku 148 wakapata vifungu vinavyozuia mwandishi kulazimishwa kutumia akili mnemba, na kuitaka kampuni imwambie kama alichopewa kimeandikwa na mashine. Walidai hayo kabla studio hazijazoea kuishi bila wao.

Basi uchague lipi?

Inategemea umesimama wapi. Mkiwa na mwajiri mmoja mkubwa na chama chenye nguvu, saa ziwe dai la kwanza, na mafunzo yaingie kama kifungu kidogo chenye masharti: yafanyike ndani ya muda wa kazi, kwa mshahara kamili, kwa nafasi iliyokwisha kutajwa kwa jina. Ukiwa umepita miaka hamsini na tano, acha mafunzo, dai kustaafu mapema na kiinua mgongo kinachoeleweka. Yule mzee wa cheti angeninyooshea kidole kama ningeandika tofauti. Ukiwa kijana katika sekta inayokua, mafunzo ni sawa, chukua.

Dereva au msafirishaji wa programu ya simu hana saa za kupunguza. Akikaa kando ya barabara dakika arobaini akisubiri oda, skrini inaandika sifuri. Kwake dai la kwanza ni kutambuliwa kuwa mfanyakazi, kama Mahakama ya Juu ya Uingereza ilivyoamua Februari 2021 kuhusu madereva wa Uber: muda wa kazi huhesabiwa tangu anapowasha programu akiwa tayari kupokea abiria, katika eneo alikopewa leseni. La pili kwake ni kipato cha msingi, na hapo aungane na kila mpiga kura aliye katika hali hiyo, kwa sharti kilipwe kutoka mfuko ambao kiongozi mmoja hawezi kuufungua kwa kalamu yake.

Na wale mia mbili, wenye miezi kumi na kikao kimoja? Ningewashauri wasianze na lolote kati ya manne. Kifungu cha kwanza kwenye karatasi yao kiwe hiki: programu isiwashwe hadi mkataba utiwe saini. Wakishindwa kukipata, wajue kikao hicho ni cha kuagana, na waulize kiinua mgongo.